Siku Tulipoinua Nyumba Yetu kwa Jeki

Mpira wa tairi lililooza hunuka zaidi jua linapotoka baada ya mvua. Ni harufu nzito, chungu kidogo, kama ya dawa ya majani iliyosahauliwa chunguni, na utotoni mwangu ndiyo niliyoamka nayo kila asubuhi, kwa sababu kitanda changu kilikuwa juu ya gurudumu la kushoto la nyumba yetu. Nyumba yetu ilikuwa na magurudumu. Ilikuwa karavani, aina ile ya kibanda cha kuvutwa na gari ambacho Wazungu hulala ndani yake wakiwa safarini, na ilikuwa imeegeshwa chini ya mfenesi katika kiwanja kimoja cha Kamwokya, mahali mteremko unapoanza kushuka kuelekea bondeni. Inasemekana wazee wawili waliizungusha nusu ya Afrika, wakachoka walipofika Kampala, wakamwachia mwenye kiwanja wakapanda ndege. Mwenye kiwanja aliikodisha kwa watu mbalimbali, na mwisho ikatufikia sisi, wakimbizi wa Bukavu, Congo, ambao wakati huo tungekubali kuishi hata ndani ya pipa ilimradi lina mfuniko.

Mtaani waliiita kalavani, na shuleni wenzangu waliniita kwa Kiganda mtoto wa ndani ya gari. Sikuumia sana. Mama alikuwa ameifanya mahali pa watu. Upande wa mbele, penye jiko dogo la gesi lisilofanya kazi, ndipo tulipoweka vyombo na maji. Katikati palikuwa na meza ya kukunja, na juu yake Mama aliweka cherehani yake. Na nyuma kabisa, chini ya kidirisha cha darini, alitundika nguo za wateja kwenye fimbo, gomesi za hariri, yale magauni marefu ya Kiganda, na vitenge vya harusi, hata ukifungua mlango ulipokewa na rangi kabla hujaona mtu. Alishona kutwa nzima. Fenesi likidondoka juu ya bati, nyumba nzima ilitikisika na Mama aliinua mguu kwenye kanyagio, akangoja, kisha akaendelea na mshono wake kama mtu aliyekatizwa maneno na mlevi.

Msimu ninaoukumbuka ni ule wa mvua ambapo Mama alikuwa mjamzito. Nilikuwa mtoto pekee. Kati yangu na mimba hiyo kulikuwa na nyingine zilizoharibika, moja njiani tulipokimbia, na hizo hazikuzungumzwa nyumbani ila kwa namna Mama alivyoinamia mshono wake watu walipomuuliza mbona Furaha, yaani mimi, hana mwenzake. Hii sasa ilikuwa imekaa. Tumbo lilikuwa limekuwa kubwa hata akashindwa kuisogelea cherehani vizuri, akawa anashona amekaa upande. Baba yangu, niliyemwita Papa, alimwita mtoto huyo mgeni. Jioni aliporudi kazini aliuliza, mgeni ameshindaje leo? Na jirani yetu, mama mmoja Mganda aliyezaa mapacha na kwa hiyo kila mtu alimwita Nnalongo, aliwahi kutuambia kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba mgeni akija, mwenyeji hupona. Papa aliupenda usemi huo, akawa anaurudia.

Katikati ya furaha hiyo kiwanja kiliuzwa. Mnunuzi mpya hakuwa mkorofi. Alikuja mwenyewe na viatu vyake safi, akasimama mbali na tope, akasema trekta la kusawazisha litafika wiki inayofuata na kwamba karavani tunaweza kuichukua, yeye haihitaji. Papa alimshukuru. Mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa ametupa kona ya ua wake huko Mengo, mtaa mwingine wa Kampala, kwa hiyo mahali pa kwenda palikuwapo. Kilichobaki ni kuifanya nyumba itembee. Lakini ilikuwa imekaa chini ya mti ule miaka mingi, na matairi yake yalikuwa yamepasukapasuka, yamelala ubavu, nusu yamemezwa na udongo mwekundu. Papa aliyagusa kwa kidole, ganda likabanduka. La kuvunda halina ubani, alisema, tutafute mengine.

Papa alikuwa mwenye tahadhari kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na tahadhari yake ilikuwa na chanzo. Huko Congo aliendesha lori kwenye barabara ya Uvira, na mdogo wake alikuwa msaidizi wake. Siku moja tairi lilipasuka milimani, wakapandisha lori kwa jeki, mdogo wake akaingia chini kuokota nati iliyobingirika, na udongo ukadidimia. Hadithi hiyo aliisimulia mara chache na kila mara aliikatisha hapo hapo, penye udongo. Ndiyo maana alikuwa na sheria zake, na juma lile alizirudia mbele yetu mpaka nikazishika kama sala. Kwamba nati hulegezwa tairi likiwa bado chini, si juu. Kwamba gurudumu la upande wa pili hubanwa kabari mbele na nyuma kabla hujaigusa jeki. Kwamba chini ya jeki huwekwa ubao mpana, kwa kuwa udongo wa mvua ni mdomo. Kwamba ile miguu minne myembamba ya kukunja kwenye pembe za karavani ni ya kuizuia nyumba isitikisike tu, anayeinulia kwayo anajichimbia kaburi. Na kwamba hakuna mtu ndani, hata kuku, nyumba ikiwa juu. “Jeki inainua tu,” aliniambia akiwa amechuchumaa, akinionyesha kwa kiganja. “Haishiki. Kinachoshika ni mbao.”

Gari la kutuvuta lilikuwa pikapu ya Afande Okello. Alikuwa askari polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu na mpole, aliyeishi na familia yake kwenye mteremko wa Naguru na kuuza mkaa kwa pikapu hiyo. Mama alimshonea mkewe nguo, Papa alimpakilia magunia siku za kazi nyingi, wakawa marafiki wa lugha moja iliyogawanyika: Kiswahili cha Papa kilikuwa cha Bukavu, cha Afande kilikuwa cha kambini, na walichekana. Alikubali kutuvuta bila malipo. Siku ilipofika alikuja asubuhi, akarudisha pikapu kinyumenyume hadi kwenye pua ya karavani, wakaifunga kwenye ndoano, akavuta breki ya mkono na kuweka jiwe chini ya kila gurudumu la gari lake. Papa alikagua kila jiwe kwa teke.

Mama na mimi tulipewa nafasi barazani kwa Nnalongo. Papa alimsindikiza Mama yeye mwenyewe, akamwekea kigoda na mto mgongoni, akarudi kuhakikisha ndani hakuna mtu. Nguo za harusi ya Jumamosi zilikuwa zimebaki kwenye fimbo yake. Mama alitaka azitoe, Papa akasema nguo hazina uzito, ziache, huko Mengo zitafika zimenyooka. Ndivyo walivyokubaliana, kwa sauti za kawaida, kama watu wanaoamua chumvi ya mboga.

Gurudumu la kulia lilikwenda vizuri kuliko ndoto. Papa alilegeza nati, akachimba kidogo, akalaza ubao, akaweka jeki chini ya chuma kinene cha fremu karibu na ekseli, ule mhimili wa magurudumu, akapandisha polepole, akisimama kila mara kusikiliza. Nyumba ililia, vikombe vikagongana ndani, na majani makavu ya miaka mingi yakaporomoka kutoka kwenye bati. Alipanga mbao chini ya fremu, moja juu ya nyingine kwa kupishana, akaishusha nyumba ikae juu ya mbao kidogo, ndipo akalichomoa tairi la zamani, nalo likatoka na udongo na mizizi kama jino. Jipya, yaani lisilochakaa kama la kwanza, likaingia. Nyumba iliposhuka na kusimama juu ya tairi lenye upepo, watoto wa mtaa walishangilia. Sijapata kumwona Papa akijivunia hivyo. Alifuta mikono kwenye suruali, akatazama barazani, na Mama akampungia mkono huku mwingine ukiwa tumboni.

Gurudumu la kushoto ndilo lililokuwa na kutu. Papa alifuata taratibu zile zile bila kuruka hata moja, kabari, ubao, jeki, mbao, na nyumba ikapanda. Lakini katika kumalizia kufungua nati bolti moja ilikatika, ikabaki kipande. Afande alimwambia zilizobaki zinatosha, Mengo si mbali. Papa alikataa. Hakutaka nyumba ya mama mjamzito ipite barabarani ikiwa na bolti pungufu. Aliiacha imekaa juu ya mbao, jeki ikiwa bado chini yake kama mlinzi wa pili, bila tairi upande ule, akamwomba Afande asiondoke, akaenda kwa mafundi wa vyuma kutafuta bolti ya kufanana na ile.

Hapo ndipo simu ya Afande ilipolia. Mwalimu mkuu wa shule alipokuwa mwanawe alisema mtoto ameanguka darasani, anatetemeka, aje haraka. Nakumbuka jinsi alivyosimama, simu ikiwa bado sikioni ingawa mwenzake alikuwa ameshakata, akiitazama ndoano iliyounganisha gari lake na nyumba yetu. Mzazi yeyote angefanya alichofanya. Alifungua ndoano, akaiegemeza pua ya karavani juu ya gurudumu dogo la kuegeshea lililokuwa chini yake, akaweka jiwe mbele yake na jingine nyuma, akaja barazani akitweta. “Mama Furaha, mimi nakwenda. Toto yangu nagonjwa kule shule. Nyumba iko juu ya mbao, iko nguvu. Lakini wewe hapana ingia. Ngoja muzee narudi.” Mama alimwambia nenda, nenda, Mungu akutangulie. Alichokuwa hakijui Afande, na ambacho Papa alikijua lakini hakuwa amekisema kwa kuwa hakudhani kitahitajika, ni kwamba karavani ya ekseli moja ni kama mzani. Gari lililofungwa mbele halikuwa pale kuizuia isitembee tu. Lilikuwa limeikalia pua yake. Likiondoka, mtu akisimama nyuma, pua hupanda.

Mvua ilikuja kama zinavyokuja mvua za Kampala, bila kubisha hodi. Mlima wa Naguru ulipotea kwanza, kisha paa za jirani, kisha ikatufikia. Watoto walikimbia. Nnalongo aliingia ndani kunusuru moto wake. Mama alinyoosha shingo kuitazama nyumba, na mimi nilitazama alikotazama: kidirisha cha darini, kile cha juu ya nguo, kilikuwa wazi. Kilifunguliwa asubuhi kwa ajili ya joto na hakuna aliyekikumbuka. Hariri ikilowa maji huota madoa yasiyotoka, na harusi ilikuwa Jumamosi. Alinyanyuka kwa kushika ukuta. “Baki hapa,” aliniambia, “narudi sasa hivi.” Alijifunika kitenge kichwani akashuka ngazi za baraza kwa uangalifu, mguu mmoja mmoja, mkono chini ya tumbo. Alisita kidogo mlangoni mwa karavani. Kisha akaingia.

Niliona pua ikipanda. Ilipanda taratibu, kama mtu anayeinua kidevu, na gurudumu dogo likaning’inia hewani likidondosha matone. Halafu nyumba ikateleza kutoka kwenye mbao kuelekea upande usiokuwa na tairi, mbao zikaruka, ikaanguka. Mshindo wake haukuwa mkubwa kama nilivyotarajia. Kilichofuata kilikuwa sauti ya chuma kizito kikibingirika ndani, nacho kilikuwa cherehani ikitoka mezani, na baada ya hapo nikasikia mvua tu.

Nnalongo alipiga kelele, wanaume wakaja kutoka kwenye vibanda vya barabarani. Mlango ulikuwa umejipinda, wakauvunja. Walimtoa Mama akiwa na fahamu zake, amekumbatia tumbo kwa mikono yote miwili, na nguo za hariri zikiwa zimemwangukia juu. Gari halikuwapo. Walimlaza juu ya mlango ule ule walioung’oa, wakambeba mteremko mzima hadi barabara kuu huku wakiteleza na kuitana, na mimi nyuma yao na viatu vyangu mkononi. Papa tulikutana naye njiani, bolti mpya ikiwa ngumini mwake. Hakuuliza Mama ana nini. Aliuliza, “Nani alitoa gari?” kisha akashika kona ya mlango, akabeba.

Mtoto alizaliwa siku hiyo hiyo jioni, mvulana, mzima wa viungo vyote, asiye na pumzi. Mama alipona. Nilipelekwa hospitali kumwona asubuhi, nikamkuta ameelekea ukutani na Papa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, nguo zake bado zina tope la jana. Sikuwa na umri wa kuelewa kila kitu, lakini maneno machache niliyoyasikia hapo nimeishi nayo kuliko mafundisho yote ya shule. Papa alisema, bila hasira, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, “Nilisema mtu asiingie.” Mama hakugeuka. “Na mimi nilisikia,” alijibu.

Hawakugombana. Laiti wangegombana. Watu wa kanisani walikuja Mengo, tulikopewa chumba kimoja cha stoo badala ya ile kona ya ua, wakatuambia ajali haina kinga, wakatuambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Papa aliitikia ndiyo kila mara. Lakini yeye ndiye aliyekuwa ameshika kinga maisha yake yote. Kumwambia haipo kulikuwa kumwondolea kitu cha mwisho alichokuwa nacho. Alianza kuirudia siku ile kwa sauti ya chini akiwa peke yake. Laiti angefunga zile bolti zilizobaki. Laiti angefunga kidirisha. Laiti angezitoa nguo kama Mama alivyotaka. Trekta lilikuja siku yake, likaisukuma karavani kando pamoja na mfenesi, na mafundi wa vyuma chakavu wakamaliza kilichobaki. Hakwenda kuangalia.

Afande Okello alikuja. Alikuja Jumapili baada ya Jumapili, amevaa koti, na mkungu wa matoke begani, akakaa uani kwenye jiwe kwa kuwa Mama hakutoka na Papa hakumkaribisha ndani. Mara ya mwisho Mama alitoka. Alisimama mlangoni akishikilia fremu, amekonda, na yule mzee mrefu akanyanyuka na kuvua kofia. Nilidhani atamlaani. “Mtoto wako alipona?” aliuliza.

“Alipona, Mama,” Afande alijibu, na machozi yakamtoka. “Ilikuwa malaria tu.”

“Basi tushukuru,” Mama alisema. Akaingia ndani. Afande aliuacha mkungu pale pale akaondoka, hakurudi tena, na matoke yale yaliiva yakaozea uani kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kuyamenya.

Kabla mwaka haujaisha, Papa alisema anakwenda Bukavu kuangalia kiwanja cha baba yake, atarudi kutuchukua. Alipiga simu kutoka mpakani, akapiga tena mara moja kutoka mjini, sauti ikikatika, akiuliza kama naendelea na shule. Baada ya hapo namba haikupatikana. Wapo waliotuambia amekufa vitani na wapo waliosema wamemwona Uvira akiendesha lori, ana familia nyingine. Mama hakuuliza zaidi. Cherehani ilitengenezwa na fundi mmoja kwa huruma, lakini hakuikalia. Aliiuza, akaenda kuwafulia watu nguo, kazi ambayo haihitaji kuangalia mbele ya kesho.

Sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa Mama msimu ule. Nafundisha watoto wadogo katika shule moja hapa Mengo, na tuna nyumba ya matofali, vyumba viwili, sakafu ya saruji isiyotikisika hata lori likipita. Umeme upo, maji yapo siku nyingi. Ukilinganisha, tumepanda, huko nyuma tulilala juu ya matairi yaliyooza na kuoga nyuma ya turubai. Lakini wakati ule nyumba yetu ilijaa. Kulikuwa na mtu wa kuuliza mgeni ameshindaje, na mtu wa kucheka akijibu. Leo jioni tunakula mimi na Mama, tunaosha sahani mbili, tunafunga mlango mapema. Huwa nasikia watu wakisema muda ni daktari. Labda. Sisi ametupitia kama daktari anayekagua wodi, amesoma kadi, ameendelea na kitanda kingine.

Mwaka jana nilimshawishi twende Kamwokya. Nilidhani, kama wanavyodhani watu waliosoma, kwamba kuona mahali kutasaidia. Pale kuna jengo la ghorofa lenye vioo, ofisi juu na maduka chini, na kote palipokuwa tope pamewekwa vitofali vya kuegeshea magari. Hata mteremko wameukata; sikuweza kusema gurudumu la kushoto lilikuwa wapi. Mama alisimama getini ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akatazama ndani muda mrefu, mpaka mlinzi, kijana mwenye adabu, akatujia na kutuuliza kwa Kiswahili, “Mama, munatafuta nani?”

Mama alimtazama kana kwamba swali hilo lilihitaji kufikiriwa. Kisha akamwambia hatumtafuti mtu, akageuka, nami nikamfuata tukateremka kuelekea kituoni.